Kusoma sentensi ambatano za kutolingana kwenye mstari wa namba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Januari shule zikifunguliwa, maswali haya hunirudia yaleyale. Yanatoka kwa wanafunzi wa sekondari wanaokuja kwangu jioni hapa Mtwara mjini, na kwa wazazi wanaoketi na watoto wao wakilitazama daftari bila kujua pa kuanzia. Nimeyapanga kuanzia yale mepesi mpaka yale yanayowasumbua hata waliofika Kidato cha Nne. Kila jibu linajitegemea. Pale ambapo jambo nimeshalieleza, nimeelekeza kwenye namba ya swali.

## Mambo ya kuanzia

1. Sentensi ya kutolingana ni nini, na ikiwa "ambatano" inakuwaje?

Mlinganyo hukupa namba yenyewe: x = 4, umemaliza. Sentensi ya kutolingana hukupa kundi zima la namba. Ukiandika x > 4 umeziita 4.1, 5, 37 na milioni moja kwa mpigo, na umeikataa 4 yenyewe pamoja na zote zilizo chini yake.

Masharti mawili ya namna hiyo yakiunganishwa kwa "na" au kwa "au", tunapata sentensi ambatano. Jina hili si geni. Kwenye sarufi ya Kiswahili, sentensi ambatano ni sentensi sahili mbili zilizoungwa kwa kiunganishi. Huku nako ni hivyohivyo, ila kiunganishi kina uzito zaidi: ukikikosea, jibu zima limeharibika hata kama namba zote umezisoma sawasawa.

Alama < na > zilichapishwa kwenye kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot mwaka 1631, miaka 10 baada ya yeye kufariki. Upande uliopanuka hutazama namba kubwa, ncha hutazama namba ndogo. Kikiongezwa kistari chini yake (≤ au ≥), soma "au ni sawa na".

2. Mstari wa namba unasomwaje, hasa upande wa hasi?

Anayekaa kulia ni mkubwa kuliko aliye kushoto kwake, popote pale kwenye mstari. Hakuna kanuni nyingine, lakini upande wa hasi huwachanganya wengi kwa sababu wanaona 5 ni kubwa kuliko 2, wanadhani −5 nayo ni kubwa kuliko −2.

Chukua barabara ya Lindi kwenda Mtwara. Weka sifuri pale Mnazi Mmoja, kwenye njia panda ya Masasi. Kilomita za kuelekea Mtwara ziwe chanya, za kuelekea Lindi mjini ziwe hasi. Mtu mmoja yuko kilomita 5 upande wa Lindi, yaani −5. Mwingine yuko kilomita 2 upande huohuo, yaani −2. Nani amesogea zaidi kuelekea Mtwara? Ni wa −2. Kwa hiyo −2 ni kubwa kuliko −5. Namna hii ya kufikiri si yangu peke yangu: mwaka 1685 John Wallis wa Uingereza alieleza namba hasi kwa mtu anayesonga mbele yadi 5 kisha akarudi nyuma yadi 8. Atakuwa yadi 3 nyuma ya alipoanzia, ndiyo −3.

Kabla ya yote, soma hatua za mstari. Si kila mstari huenda moja moja. Kuna inayoruka mbili mbili, tano tano, hata nusu nusu. Kialama cha tatu baada ya sifuri kinaweza kuwa 3, 6, 15 au 1.5.

3. Duara tupu na duara lililojazwa vina tofauti gani?

Jibu huchorwa kwa kukoleza kwa wino sehemu ya mstari yenye namba zilizomo, na pale linapoanzia au kuishia huwekwa duara. Duara lililojazwa linasema namba ile imo kwenye jibu. Duara tupu linasema haimo, ingawa namba zote zilizo jirani nayo upande uliokolezwa zimo. Lililojazwa huenda na ≤ au ≥. Tupu huenda na < au >.

Swali linalofuata huwa hilihili kila mwaka: kama 2 ina duara tupu na mstari umekolezwa kushoto kwake, namba ya mwisho iliyomo ni ipi? Nakumbuka binti mmoja aliyeandika 1.9, akafuta akaandika 1.99, akafuta tena akaandika 1.999, mpaka karatasi ya daftari ikatoboka pale alipokuwa anafutia. Akaniangalia. Nikamwambia hajakosea popote, ila anatafuta kitu ambacho hakipo. Namba ya mwisho haipo. Nipe yoyote iliyo chini ya 2, nami nitakupa iliyo katikati yake na 2, nayo ni kubwa kuliko yako na bado haijafika 2. Ukinipa 1.9 nakupa 1.95. Ukinipa 1.999 nakupa 1.9995. Duara tupu lilichorwa kwa sababu hiyo: hatuwezi kuitaja namba ya mwisho, lakini tunaweza kuutaja mpaka ambao namba hizo haziufikii.

Kwa hiyo anayesoma duara tupu kwenye 2 kama "mwisho 1" amekosea vibaya, maana ameziacha 1.2, 1.5, 1.75 na wenzake wote. Kusoma hivyo kunafaa tu tukihesabu vitu visivyogawanyika, na hapo mchoro wenyewe hubadilika (swali la 15).

4. Mishale ya mwishoni inamaanisha nini?

Kuna mishale ya aina mbili, na wengi huichanganya. Mstari wa namba wenyewe huwa na mishale pande zote mbili kuonyesha kwamba namba hazina mwisho. Hiyo ipo daima na haisemi lolote kuhusu jibu. Mshale unaohusika ni ule wa sehemu iliyokolezwa. Wino mzito ukienda mpaka kwenye mshale, jibu linaendelea bila kikomo upande ule. Ukiishia kwenye duara, jibu limeishia hapo.

5. Nikiiona picha, nianze wapi?

Anza na wino, si na namba. Watoto wengi hukimbilia kuandika namba zilizo chini ya maduara kabla hawajajua zinafanya kazi gani. Jiulize kwanza: vipande vilivyokolezwa ni vingapi? Kisha kila kipande kinaanzia wapi na kuishia wapi? Baada ya hapo ndipo uangalie maduara. Alama za < na ≤ zije mwisho kabisa.

```
<--+--+--●==+==+==+==+==○--+-->
  -5 -4 -3 -2 -1  0  1  2  3
```

Kipande ni kimoja. Kinaanzia −3, kinaishia 2. Duara la −3 limejazwa, la 2 ni tupu. Basi x ni kubwa kuliko au sawa na −3, na ni ndogo kuliko 2. Kwa alama: −3 ≤ x < 2.

Ukishaandika, jaribu. Chukua namba moja ndani ya wino, mfano 0: je, −3 ≤ 0 < 2? Kweli. Chukua moja nje, mfano 3: je, 3 < 2? Si kweli, na picha nayo inaikataa. Kisha jaribu namba za mpakani zenyewe, −3 na 2. Majaribio haya hayachukui hata dakika moja, na yamewaokoa wanafunzi wangu mara nyingi kuliko kanuni yoyote niliyowakaririsha.

## "Na" na "au"

6. Nitajuaje kama picha ni ya "na" au ya "au"?

Kipande kimoja kilichofungwa pande zote mbili ni "na": x imebanwa katikati, ina sharti la kushoto na la kulia kwa pamoja. Vipande viwili vilivyoachana, kimoja kinakwenda kushoto na kingine kulia, ni "au".

```
<==+==+==○--+--+--+--●==+==>
  -3 -2 -1  0  1  2  3  4
```

Hapa x < −1 au x ≥ 3. Katikati, kuanzia −1 yenyewe mpaka kabla ya 3, hakuna kitu.

7. Lakini naona kipande hiki *na* kipande kile. Kwa nini nisiandike "na"?

Swali hili nalipenda kuliko yote kwenye ukurasa huu, kwa sababu aliyeuliza hajazembea. Ameitumia lugha yake vizuri. Kwenye mazungumzo yetu "na" hukusanya: "niletee korosho na karanga" ni mzigo mkubwa kuliko korosho peke yake. Mwanafunzi anaona vipande viwili, ulimi unasema "hiki na hiki", kalamu inafuata.

Tatizo ni kwamba kwenye hisabati "na" haiungi vipande vya picha. Inaunga masharti juu ya namba moja. Sikiliza inavyofanya kazi kwenye masharti, hata kwa Kiswahili cha kila siku. "Natafuta fundi anayejua kushona suti." Wapo kadhaa. "Natafuta fundi anayejua kushona suti na anayekaa Chikongola." Wamepungua. "Na asiyedai malipo kabla." Sasa huenda hayupo kabisa. Kila "na" ya sharti hupunguza watu. "Au" hufanya kinyume: "anayekaa Chikongola au Shangani" inaongeza.

Kwa hiyo usiitazame picha nzima na kusema "hiki na hiki". Chagua namba moja iliyokolezwa, uizungumzie hiyo peke yake. Chukua −2 kwenye picha ya swali la 6. Je, −2 ni ndogo kuliko −1? Ndiyo. Je, −2 ni kubwa kuliko au sawa na 3? Hapana. Imetimiza sharti moja tu, na bado imekubaliwa. Kiunganishi kinachokubali aliyetimiza moja tu ni "au". Ukiandika "na", unadai namba iliyo chini ya −1 na wakati huohuo iko 3 au zaidi, nayo haijawahi kuzaliwa.

8. Je, naweza kuyafupisha masharti ya "au" niandike 3 ≤ x < −1?

Hapana. Mnyororo wa namna hiyo husomwa kwa "na" daima, na unabeba madai ya tatu ambayo huyaoni: kwamba mwanzo ni mdogo kuliko mwisho. Zifunike x kwa kidole usome kilichobaki: 3 ni ndogo kuliko −1. Ni uongo. Mnyororo wowote ukiufunika x katikati ukabaki na uongo, ufute.

Kosa jingine la jamii hiyo ni kuelekeza alama pande tofauti, kama −3 ≤ x > 2. Kwenye mnyororo alama zote mbili hutazama upande mmoja.

9. "Au" ya hisabati ni ileile ya "chai au uji"?

Si ileile kabisa. Ukiulizwa "chai au uji?" unatarajiwa uchague kimoja. "Au" ya hisabati inamkubali aliyetimiza moja, na inamkubali pia aliyetimiza yote mawili. Kwenye vipande vilivyoachana tofauti haionekani, kwa kuwa hakuna namba iliyo pande zote. Inaonekana vipande vikipandana. Kwa mfano x > 2 au x > 5: namba 8 imetimiza yote mawili, imo. Namba 3 imetimiza moja, imo. Picha inabaki mstari mmoja kuanzia duara tupu la 2 kwenda kulia, na ile 5 haionekani tena popote. Ukikutana na picha ya hivyo, jibu ni x > 2 tu.

## Maneno ya maisha na mstari wa namba

10. "Angalau", "isiyozidi", "zaidi ya", "mpaka": lipi linajaza duara?

"Angalau 8", "si chini ya 8", "8 na kuendelea" na "kuanzia 8" zote zinaijumuisha 8, basi duara limejazwa na wino unakwenda kulia. "Zaidi ya 8" haiijumuishi. "Isiyozidi 10" inaijumuisha 10, kwani 10 haijazidi 10. Hapa wengi huteleza kwa sababu wanasikia neno "zidi" wanafikiria >. "Chini ya 10" na "pungufu ya 10" haziijumuishi.

Mkulima wa korosho analijua hili kwa vitendo. Tuseme mahali wanapopokelea mzigo wamesema unyevu usiwe chini ya asilimia 8 wala usizidi asilimia 10. Hiyo ni 8 ≤ u ≤ 10, maduara yote mawili yamejazwa. Kipimo kikisoma 10 kamili, mzigo unapita. Kikisoma 10.1, unarudi juani. Wangesema "chini ya asilimia 10", mzigo wa 10 kamili ungerudi nao. Gunia ni lilelile, limeamuliwa na duara.

"Mpaka" na "hadi" ndizo zenye kigugumizi. Kwa Kiswahili mpaka ni kile kinachotenganisha, kama mto Ruvuma baina yetu na Msumbiji, na ni neno la kusema umefika wapi. "Fomu zinapokelewa mpaka tarehe 15": ya tarehe 15 itapokelewa? Wengi tutasema ndiyo, lakini neno lenyewe halijalazimisha. Ndiyo maana mstari wa namba unasaidia. Duara limejazwa au halijajazwa, hakuna la tatu.

11. Kuna mfano wa hapa kwetu unaoonyesha "na" na "au" kwa pamoja?

Upo, na kila mtoto wa pwani anauona: maji kupwa na kujaa. Kutoka maji kujaa mpaka kupwa ni kama masaa 6 na dakika chache. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, maji huku kwetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, kwa hiyo mwamba unaotembeka asubuhi mchana unapitwa juu na mashua.

Weka sifuri pale maji yalipokupwa kabisa. Masaa ya kabla yawe hasi, ya baada yawe chanya, na tuuite muda huo t. Tuseme kwenye mwamba fulani watafutaji wa pweza wanaweza kutembea kuanzia masaa 2 kabla ya kupwa mpaka masaa 2 baada yake, mipaka yote ikiwemo. Picha yao ni kipande kimoja, duara lililojazwa kwenye −2 na lililojazwa kwenye 2: −2 ≤ t ≤ 2. Mama aliyeko mwambani na kijiti chake ametimiza masharti mawili pamoja, maji yameshatoka vya kutosha *na* hayajarudi.

Sasa mtazame mwenye mashua anayetaka kupita juu ya mwamba uleule. Yeye anapita wakati wale hawapo. Tukianza kuhesabu maji yalipojaa (−6) mpaka yatakapojaa tena (6), picha yake ina vipande viwili: −6 ≤ t < −2 au 2 < t ≤ 6. Apite kabla maji hayajatoka, *au* asubiri yarudi.

Ziweke picha hizo mbili moja juu ya nyingine. Palipokolezwa kwa mmoja hapajakolezwa kwa mwingine. Angalia na maduara ya −2 na 2: kwa watafuta pweza yamejazwa, kwa mwenye mashua ni tupu. Dakika ileile ya mpakani haiwezi kuwa ya wote wawili, wala haiwezi kukosa mwenyewe. Ukiombwa kuchora "kinyume" cha picha yoyote, badilisha yote mawili, wino na maduara, na "na" itageuka kuwa "au".

Kwa walioshaanza kusoma alama ya vistari viwili vya wima: muda wa pweza ndio |t| ≤ 2, yaani umbali kutoka sifuri usiozidi 2, na wa mashua ni |t| > 2 ndani ya ile −6 mpaka 6. Alama ile inapima umbali. "Umbali usiozidi" hutoa kipande kimoja katikati, "umbali unaozidi" hutoa mikono miwili.

## Kuandika jibu

12. Kitabu kimeandika 3 ≤ x, mimi nimeandika x ≥ 3. Nani kakosea?

Hakuna. Ni sentensi moja iliyosomwa kutoka pande mbili, kama "Juma ni mrefu kuliko Hamisi" na "Hamisi ni mfupi kuliko Juma". Kwa kusoma picha nashauri mpangilio wa namba ndogo kushoto na kubwa kulia, ili jibu lifuate sura ya mstari wenyewe. Anayeandika 2 > x ≥ −3 yuko sahihi, lakini msomaji atalazimika kuigeuza kichwani.

13. Mabano ya mraba na ya duara yanatumikaje?

Bano la mraba ni duara lililojazwa, bano la duara ni duara tupu. Picha ya swali la 5 ni [−3, 2). Ile ya swali la 6 ni (−∞, −1) ∪ [3, ∞), ambapo ∪ ni muungano, yaani kazi ya "au". Alama ya ∞, yaani "bila kikomo", haipewi bano la mraba kamwe, kwani hakuna namba inayoitwa hivyo ya kuingizwa. Vitabu vya Kifaransa huandika [−3, 2[ badala ya [−3, 2), maana ni ileile. Jihadhari tu kwamba (−1, 3) linaweza pia kuwa nukta kwenye grafu ya mihimili miwili. Soma swali linaongelea nini.

14. Kwa nini alama hupinduka nikigawanya kwa namba hasi?

Kwa sababu kuzidisha kwa hasi ni kuugeuza mstari mzima kwenye sifuri, wa kulia aende kushoto. 2 ni ndogo kuliko 5, lakini −2 ni kubwa kuliko −5 (swali la 2).

Mfano: −3 < 1 − 2x ≤ 7. Ondoa 1 kote kutatu: −4 < −2x ≤ 6. Gawanya kwa −2 na upindue alama zote mbili: 2 > x ≥ −3. Panga upya: −3 ≤ x < 2. Ni ile picha ya swali la 5. Hakiki mpakani: ukiweka x = −3 unapata 1 + 6 = 7, inaruhusiwa, duara limejazwa. Ukiweka x = 2 unapata 1 − 4 = −3, hairuhusiwi, duara tupu. Aliyesahau kupindua angegundua hapa.

15. Je, kama tunahesabu watu au magunia?

Basi hakuna mstari wa wino. Kuna nukta zilizojazwa juu ya namba zinazofaa tu. "Magunia zaidi ya 3 yasiyozidi 7" ni nukta nne: 4, 5, 6 na 7. Hapa n > 3 na n ≥ 4 ni kitu kimoja. Kwenye kilo si kitu kimoja hata kidogo, maana kuna kilo 3.5. Ukiona nukta zimetengana bila wino kuziunga, andika kwenye jibu kwamba n ni namba nzima.

16. Mwanangu alikuwa anaelewa shule ya msingi kwa Kiswahili. Sasa yuko Kidato cha Kwanza, swali liko kwa Kiingereza na anakwama. Nifanyeje?

Mzazi, mara nyingi hisabati haijampotea, kilichompotea ni maneno. Mpe picha isiyo na maneno yoyote, umwambie akusimulie kwa Kiswahili: wino unaanzia wapi, unaishia wapi, mpakani imo au haimo. Akisimulia sawasawa, ujue msingi upo. Kisha mnachukua daftari dogo, ukurasa mmoja kwa kila fungu la maneno ya Kiingereza ya darasani, na chini yake anachora mstari wake. Asiandike tafsiri ya neno kwa neno, achore. Yale mafungu si mengi, wiki mbili zinatosha kuyachora yote. Wewe huhitaji kujua Kiingereza chake. Unahitaji kumuuliza tu, "hapo mpakani imo?"

## Picha za pembezoni

17. Nimechora masharti mawili ya "na" lakini hayakutani. Nimekosea?

Si lazima. x < 1 na x > 4 hayakutani popote, jibu ni seti tupu, na mstari unabaki bila wino. Andika wazi kwamba hakuna suluhisho. Usiache nafasi nyeupe, msahihishaji atadhani hukufanya.

18. Mstari wote umekolezwa, hakuna duara hata moja. Nisomeje?

Kila namba imo. Hutokea kwa masharti ya "au" yanayopandana, kama x < 5 au x > 2. Hutokea pia mipaka ikikutana na upande mmoja ukawa umejazwa: x < 3 au x ≥ 3. Lile duara tupu la kwanza linazibwa na la pili. Badilisha "au" hiyo kuwa "na", na hakuna namba inayobaki.

19. Duara tupu moja katikati ya mstari uliokolezwa pande zote?

Namba zote isipokuwa hiyo. Kama ni 3: x < 3 au x > 3, kwa kifupi x ≠ 3.

20. Nukta moja tu iliyojazwa, hakuna mstari?

Ni x = 3, ambayo unaweza kuipata kutoka x ≤ 3 na x ≥ 3. Mikono miwili imegusana kwenye namba moja tu.

21. Vipande vitatu au zaidi vinasomwaje?

Kila kipande peke yake, kutoka kushoto, kisha unaviunga kwa "au". Ndani ya kipande kilichofungwa pande mbili mna "na", baina ya vipande mna "au". Wino unaotoka mshale wa kushoto mpaka duara tupu la −4, kisha kutoka duara lililojazwa la −1 mpaka tupu la 2, kisha nukta moja kwenye 5: x < −4 au −1 ≤ x < 2 au x = 5. Hakuna kikomo cha idadi ya vipande.

22. Fotokopi haionekani vizuri. Duara ni tupu au limejazwa?

Hili limewatokea watahiniwa wangu kwenye mtihani wa majaribio, karatasi ilikuwa nyeusi kiasi kwamba maduara yote yalifanana na matone ya wino. Angalia kwanza maduara mengine kwenye karatasi hiyohiyo. Likiwepo moja ambalo ni tupu bila shaka, linganisha ukubwa, kwani duara tupu mara nyingi huchorwa kubwa kidogo. Tazama pia mstari wa namba wenyewe pale unapoingia kwenye duara: kwenye duara tupu hukatika ukingoni. Bado huoni? Inua mkono mapema, kabla hujaanza kukokotoa, umwombe msimamizi karatasi nyingine. Akikosa, andika juu ya jibu lako "nimesoma duara la 2 kuwa tupu", kisha uendelee na swali.